Mvumo wa Fundi wa Makochi

Kitu ambacho fundi wa makochi alikwisha kukitoa kwa mkono wake, hakukidai tena. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishi nayo tangu ujana wake. Hakuitangaza kwa mtu. Watu waliijua kwa kumwona. Kuna wakati alimpa jirani kiti cha kuegemea alichokishona upya kwa jasho lake, kwa sababu jirani alisema mgongo unamsumbua. Wiki haikuisha, jirani akakiuza. Mnunuzi alipokuja na mkokoteni, kiti kilikuwa kizito, na fundi akatoka karakanani akashika upande mmoja kusaidia kukipakia.

"Baba, una akili timamu kweli?" binti yake alimuuliza baadaye.

"Kiti ni chake. Ningebaki ndani wangekiangusha."

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu chembamba, kimebanwa kati ya duka la simu na saluni. Ukutani zilining'inia fremu za viti zisizo na nguo wala nyama, mbao tupu kwenye kulabu. Chini kulikuwa na marobota ya mkanda mpana wa kufumia kikalio, springi zilizofungwa mafungu mafungu kama kuni, na vumbi la sponji kuukuu ambalo hata ufagie vipi, kesho utalikuta limekaa palepale linakungoja. Binti alikaa nyuma kwenye cherehani. Nguo za viti zilikuwa kazi yake. Mbele, kwenye benchi, alikuwa baba mtu, na mbao, mikanda na springi zilikuwa kazi yake.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Alijaza misumari midogo mdomoni, akaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja mpaka kwenye midomo, na nyundo yake yenye sumaku ikauchukua msumari hapo na kuugonga mahali pake, huku mkono wa kushoto ukiwa umeuvuta mkanda. Mtu mwenye mdomo umejaa misumari haongei. Kwa hiyo fundi alivuma. Haukuwa wimbo wa mtu yeyote, wala hakuufikiria. Alipovuta mkanda, mvumo ulipanda. Mkanda ulipofika kiasi chake, mvumo ulitulia juu. Msumari ulipozama, mvumo ulishuka. Mteja akiuliza kochi lake litakuwa tayari lini, alijibiwa "mmm", na kwa jinsi ile mmm ilivyokwenda, alijua kama ni kesho au aende akakalie jamvi.

Binti ndiye aliyeanza kumrekodi. Aliiegemeza simu kwenye rundo la sponji, akaielekeza kwenye mikono ya baba, akaiacha. Hapakuwa na maneno wala muziki, ila nyundo na mvumo. Alizitia video mtandaoni ili wateja wajue karakana ipo, na wateja wakaja, lakini walikuja na wengine ambao hawakuwa na kochi la kutengeneza. Kulikuwa na vijana wa mbali waliotaka kujifunza kazi. Kulikuwa na watu waliosema wanamsikiliza ili wapate usingizi. Walimpa jina: Fundi Mmm. Mmoja aliandika, "Nimelala kabla hujamaliza mkanda wa pili, mzee wangu, Mungu akuweke." Fundi alilipenda hilo. Wakati wa chai alimwambia binti yake amsomee waliyoandika, naye akisoma, yeye akitabasamu ndani ya kikombe.

Simu ya binti ilikuwa imejaa siku zote. Kila alipopandisha video, aliifuta kwenye simu apate nafasi ya nyingine. Kilichopanda mtandaoni alikihesabu kimehifadhiwa, kama wanavyohesabu watu wengi.

Siku moja alikuja kijana mmoja mwenye studio ya kurekodi muziki, waliyemwita Kinanda kwa sababu ndicho chombo alichopiga. Alileta kochi la studio, springi imechomoza inawachoma waimbaji. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akingoja, na muda si mrefu akaacha kuchezea simu yake akaanza kusikiliza.

"Mzee, huo wimbo ni wa nani?"

Fundi alitikisa kichwa.

"Wako?"

Fundi aliinua bega. Kinanda akasogeza ndoo karibu.

"Mzee wangu, naomba huo mvumo wako. Niuchukue kwenye zile video zako, niuweke kwenye wimbo ninaoutengeneza. Nakuomba kabisa, sitaki kuuchukua kimyakimya."

Fundi aliitema misumari kwenye kiganja, akaifuta kwa shati.

"Chukua, mwanangu. Mimi nitabaki nao mwingine."

"Bila kinyongo?"

"Ningekuwa na kinyongo ningekuacha na springi yako."

Walicheka wote, na binti kwenye cherehani akacheka. Hawakuandikiana kitu. Kijana aliomba kwa adabu, mzee akatoa kwa moyo. Kwa watu wa namna ile hiyo ndiyo hati.

Wimbo ulipotoka, ulishika. Mvumo wa fundi ulikuwa umeharakishwa kidogo, ukawekewa ngoma chini na sauti ya mwanamke juu. Mwenye duka la simu aliupiga kwenye spika yake tangu anafungua mpaka anafunga.

"Mzee!" alipiga kelele kutoka mlangoni kwake. "Umeimba tangu asubuhi, koo halijakauka?"

"Mpe maji huyo uliyemfungia kwenye spika," fundi alimjibu, "mimi nimeshakunywa chai."

Kisha kiharusi kikamshika. Kilimkuta kazini, mkanda ukiwa umevutwa. Mkono wa kushoto uliuachia, naye akafuata chini. Aliporudi kutoka hospitali alitembea kwa kuburuta mguu, na maneno yalimtoka mafupi na mazito, yakipita upande mmoja wa mdomo. Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwenye benchi na kutia misumari mdomoni. Midomo haikufunga. Misumari ilidondoka kwenye shati, mmoja mmoja, na mate. Binti aliiokota akairudisha kwenye kopo. Fundi akajaribu kuvuma, ikatoka pumzi tupu. Akakaa kwenye kiti karibu na mlango, na tangu siku hiyo hapo pakawa mahali pake. Daktari alikuwa amesema ganzi ya mkono itapungua kidogo kidogo. Habari ya midomo na mvumo hakuna aliyemuuliza daktari.

Karakana ikamwangukia binti. Nguo za viti alizijua, lakini mkanda na springi hakuvijua, na baba hakuweza tena kumwonyesha.

"Nivute kiasi gani, baba?"

"Vuta."

"Nimevuta. Bado?"

"Mpaka... mpaka basi."

"Basi ya wapi sasa, baba?"

Fundi alifumba macho. Mkono wake ndio uliokuwa ukijua, na mkono ulikuwa umelala mapajani kama wa mtu mwingine.

Ndipo binti akafungua zile video. Aliiegemeza simu kwenye sponji, akashika mkanda, akavuta pamoja na baba wa kwenye kioo. Mvumo ukipanda, alivuta, ukitulia, alisimama, ukishuka, aligonga. Alijifunza pia kusikiliza nyundo: msumari ulioingia kwenye mbao nzima hutoa mlio mfupi mkavu, na ulioingia kwenye mbao iliyooza hulia kama umegonga boksi. Baba mtu pale mlangoni alisema neno moja tu, "rudia", naye akarudia. Mikanda ya kwanza ililegea, iliyofuata ikakaza mno, na polepole ikaanza kukaa. Kikalio cha kwanza alichokimaliza peke yake, fundi aliinuka akaja kukikalia. Alikaa muda mrefu.

"Mmm," alisema, kwa namna alivyoweza.

Baada ya hapo wakili mmoja, mwanamke mtaratibu anayepima maneno, alileta seti nzima ya viti vyake vya sebuleni vya springi. Ilikuwa kazi kubwa ya kwanza tangu baba augue. Binti alikwisha kumaliza kiti kimoja, na cha pili kikiwa benchini, alipofungua simu akakuta video ya springi haifunguki. Mahali pake palikuwa na maandishi: Video hii ina kazi inayomilikiwa na mtu mwingine. Imezuiwa kwa ombi la mmiliki.

Alisoma tena, kisha akamsomea baba.

"Mmiliki ni nani?" fundi aliuliza.

"Kampuni. Ndiyo inayosambaza ule wimbo wa Kinanda. Wanasema mvumo ni wao."

"Mvumo upi?"

"Wako, baba. Wanasema umeuchukua kwenye wimbo."

Fundi aliangalia mkono wake wa kushoto. Binti alingoja akasirike, hakukasirika.

Waliandika pingamizi. Walieleza kwamba sauti ni ya baba, na kwamba video ilipandishwa kabla wimbo haujakuwapo. Pingamizi, kwa utaratibu wa mtandao ule, lilipelekwa kwa kampuni ileile iliyolalamika ili iamue yenyewe kama imekosea. Jibu lilirudi upesi: Tumepitia. Dai letu linabaki. Siku zilizofuata video nyingine zikazuiwa, kisha nyingine, kwa kuwa mvumo ulikuwa kwenye zote na mashine inayozitafuta haichoki. Video iliyozuiwa haikufunguka hata kwa mwenyewe. Mwisho likaja onyo kwamba wasipomaliza shauri kabla ya mwezi kuisha, ukurasa wote utafutwa.

Chini ya video chache zilizobaki, kabla nazo hazijazuiwa, watu waliandika. "Kumbe babu naye mwizi." "Mzee mzima unaiba midundo ya watoto, huoni aibu?" "Fundi Mmm wa kuiga."

"Wanasemaje?" fundi aliuliza kutoka mlangoni.

"Wanakusalimia," binti alijibu.

Wakili alipokuja kuangalia viti vyake akakuta kazi imesimama. Binti alimweleza kisa chote. Wakili akavuta kiti, akaomba simu, akasoma yale maonyo na majibu ya mtandaoni mwanzo mpaka mwisho, kisha akamgeukia fundi.

"Mzee, huyu kijana ulimruhusu?"

"Ndiyo."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

"Ulimwekea sharti lolote? Labda jina lako litajwe, au video zako ziachwe?"

"Hapana."

Wakili alirudisha simu. "Basi sikilizeni. Mna njia tatu. Ya kwanza, kuapa kwa maandishi kwamba sauti ilichukuliwa bila ruhusa. Video ni za kabla ya wimbo, kwa hiyo dai la kampuni litaanguka na zote zitafunguliwa. Ya pili, kusema ukweli kwamba aliomba akapewa. Kampuni itajibu kwamba alipewa bila masharti na wao wameununua wimbo kwake kihalali. Hapo mnakwenda mahakamani, na mwezi utaisha mara nyingi kabla hamjasikilizwa. Ya tatu ni hii hapa unayowapa mtandao: mkubali sauti iondolewe. Video zitafunguliwa, lakini bubu. Na ikishaondolewa, hairudi."

"Ya kwanza," binti alisema papo hapo.

"Mimi sijamshauri mtu aape uongo, mdogo wangu. Nimekuonyesha mlango, na nimekusomea kilichoandikwa juu yake."

Alipoondoka, binti aliketi mbele ya baba yake, magoti kwa magoti.

"Tuandike hakuruhusiwa. Nani atajua?"

"Mimi. Na yeye."

"Yeye amekukalia kimya!"

Hapo binti hakusema kweli, kwa sababu hakuwa akijua. Kinanda alikuwa ameiandikia kampuni tena na tena, akajibiwa kwamba wimbo si wake tena na neno lake halihitajiki. Alifika karakanani kesho yake, akasimama mlangoni mikono imeshika kofia, hathubutu kukaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kochi... linachoma tena?"

"Haliwezi kuchoma, mzee, ulilitengeneza wewe." Akameza mate. "Mzee, niliposaini na wale watu, waliandika kwamba kila kilichomo kwenye wimbo ni changu. Nikasaini. Nilijua si kweli, nikasema ni neno tu. Sasa nimekuja kukwambia hivi: andika niliiba."

Binti aliacha alichokuwa akifanya.

"Hukuiba," fundi alisema.

"Najua sikuiba! Nasema wewe andika. Wakinifuata nitakubali. Nitasema nilichukua kimyakimya."

"Kijana mzima... unaomba uitwe mwizi."

"Mzee, mimi ni mwanamuziki. Wenye nyumba wameniita mabaya zaidi."

Mdomo wa fundi ulijaribu kucheka kwa upande mmoja, ukaacha.

"Ulikuja. Ukaomba. Nikakupa," alisema polepole, akisimama kila baada ya neno. "Siwezi kuapa... kwamba sikukupa. Basi."

Kinanda alimtazama binti, binti akatazama sakafu. Kijana akaaga, akaenda. Hakuna aliyemtukana, na yeye angependelea atukanwe.

Binti alingoja mpaka hatua zake zimepotea barabarani.

"Yeye umempa," alisema. Hakupandisha sauti. "Yule jirani wa kiti ulimpa. Kila apitaye hapa na shida yake unampa. Mimi nimekuomba kitu kimoja, baba. Nimekuomba nijifunze kazi yako. Mimi ndiyo unaninyima?"

Fundi alikaa akitazama benchi, misumari kwenye kopo, kiti cha wakili kimelala chali na mikanda nusu. Hakuona hasira wala huruma ikija. Kulikuwa na uzito tu, uleule uliokuwa mkononi, sasa umepanda mpaka kifuani.

"Sauti," alisema mwisho. "Iondolewe."

"Hiyo ndiyo kauli yako?"

"Ndiyo."

"Basi utabonyeza mwenyewe. Mkono wangu hautafanya hivyo."

Akamletea simu. Fundi aliishika kwa mkono wa kulia, akaiegemeza kwenye goti, akabonyeza kwa dole gumba mahali palipoandikwa Kubali. Kila video ilikuwa na Kubali yake, na kila baada ya hapo simu iliuliza tena kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Aliendelea mchana wote, binti akikunja vitambaa upande wa pili bila kumsaidia na bila kumzuia. Alipomaliza alimrudishia simu, akaomba maji.

Ukurasa haukufutwa. Video zilifunguka zote, na mikono ya fundi ilikuwamo, mizima, ikivuta na kugonga. Nyundo ilishuka bila mlio. Watu wa usingizi waliandika kuuliza kuna nini, kisha wakaacha kuuliza. Wale vijana wa mbali waliokuwa wakijifunza nao waliondoka mmoja mmoja.

Binti aliendelea na viti vya wakili kwa kutazama tu zile video bubu. Macho yalimwonyesha mkono umefika wapi, hayakumwambia umevuta kiasi gani. Kwenye kiti cha pili alivuta mno, mbao ya fremu ikapasuka. Akaibandika kwa gundi. Cha tatu alikilegeza kwa hofu. Kila mara aligeuka mlangoni kumuuliza baba, na baba alifungua mdomo, akatafuta, akasema "vuta" au "rudia", na hakuna kati ya maneno hayo lililomfaa.

Wakili alipokuja alikaa kwa zamu kwenye kila kiti kilichomalizika. Kile cha tatu kilizama upande mmoja naye akazama nacho. Aliinuka, akajipangusa sketi.

"Umejitahidi, mdogo wangu," alisema. Alimpa mkono fundi, akashukuru, akapakia viti vyote, hata vile ambavyo havijaguswa, na hakurudi tena.

Siku hizi binti anashona foronya za makochi na kukata sponji. Mtu akija na kiti cha springi, anamwelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili. Anafanya hivyo bila kinyongo, na mwenye kiti huondoka hajui kwamba amesimama mbele ya mtu aliyekuwa anakaribia kuiweza kazi hiyo. Na baba yake bado anakaa mlangoni. Hajamwambia binti kwamba alikosea, na binti hajamwambia kwamba amemsamehe. Wanakunywa chai pamoja na wanaongea habari za kawaida.

Fundi aliilinda kanuni yake, hakuapa uongo, hakudai alichokitoa. Ilimgharimu ufundi wote aliokuwa nao, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuurithi, na ilimgharimu binti yake kazi ambayo mikono yake ilikuwa imeanza kuijua.